Dizaina Chipukizi: Elewaneni Kabla Hujafungua Kompyuta

Ujumbe wa WhatsApp unaingia saa tatu usiku: "Bosi, niaje. Nafungua salon huku Rongai na nataka logo noma. Ni kitu ndogo tu, kwako hiyo ni dakika kumi. Ikitoka poa nitakuletea wateja wengine." Kama wewe ni dizaina uliyetoka chuoni majuzi, ujumbe wa aina hii umeshaupokea, au uko njiani.

Kuchora unajua. Chuo kimekufundisha rangi, herufi na mpangilio, na mengine umejifunzia YouTube. Kitu ambacho hakifundishwi sana ni yale mazungumzo kati ya "nataka logo" na wakati wa kufungua kompyuta. Hapo ndipo huamuliwa kama utalipwa, utalipwa lini, na kazi itakuwa mali ya nani.

Uliza kwanza, bei baadaye

Mteja akisema logo, mara nyingi ana vitu vitano kichwani. Saluni ile ya Rongai itataka nembo, bango la mlangoni, orodha ya bei ya kubandika ukutani, picha za Instagram na pengine fulana za wafanyakazi. Ukitaja bei ya nembo peke yake bila kuuliza, hayo mengine utaombwa kama nyongeza ya bure. Kwa hivyo uliza: itatumika wapi? Itachapishwa au ni ya simu tu? Inahitajika lini? Na nani atasema neno la mwisho? Hilo swali la mwisho lina uzito. Unaweza kuchora wiki tatu ukiongea na mpwa wa mwenye biashara, halafu mwenyewe aone kazi siku ya mwisho na aseme hapendi kijani.

Ukishapata majibu, yaandike kwenye ujumbe mmoja. Si lazima uwe mkataba wa kurasa kumi. Kitu kama hiki kinatosha kwa kazi ndogo:

"Habari dada. Tumekubaliana nikutengenezee nembo moja na orodha ya bei ya ukurasa mmoja. Nitakuletea michoro miwili ya nembo uchague mmoja, kisha nitaurekebisha mara mbili. Kuanzia marekebisho ya tatu ni KSh 500 kila mara. Jumla ya kazi ni KSh 12,000. Utalipa nusu nianze, na nusu nyingine ukishaona kazi iliyokamilika, kabla sijatuma faili za kuchapisha. Itachukua siku saba kutoka siku ya malipo ya kwanza. Kama ni sawa, nijibu hapa."

Kila sentensi hapo inazuia ugomvi wake. "Michoro miwili" inamzuia mteja kuomba wa saba. "Kutoka siku ya malipo ya kwanza" inakuokoa na yule anayechelewa kulipa wiki mbili kisha anakuuliza mbona kazi haijafika. Na pale mteja atakapojibu "sawa", una maandishi yenye tarehe.

Vijana wengi huona aibu kuomba nusu ya pesa mapema, hasa kwa mtu anayewazidi umri. Lakini Waswahili wana neno lao la zamani kwa jambo hili, arubuni, yaani pesa ya kuonyesha kwamba umekusudia kweli. Fundi wa makabati huomba, mwenye tenti na viti huomba. Na anayekataa kabisa kutoa hata shilingi mia tano ya kuanzia amekupa habari muhimu kumhusu.

Hesabu ya bei

"Nicharge ngapi?" ni swali ambalo kila dizaina mpya huuliza, na jibu la kawaida ni kuangalia wengine wanatoza ngapi kisha kushuka kidogo. Njia hiyo itakuua polepole. Anza na maisha yako. Tuseme kodi ya nyumba ni KSh 9,000, chakula 12,000, intaneti 3,000, stima na programu 4,000, nauli 3,000, pesa ya kutuma nyumbani 5,000, na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii ikichoka 4,000. Jumla ni KSh 40,000 kwa mwezi.

Sasa usigawanye kwa siku 30, wala kwa siku 22 za kazi. Kuna siku za kutafuta wateja, kujibu ujumbe, kufuata malipo, kwenda kwa mchapishaji. Ukipata siku 12 za kazi yenyewe inayolipwa, mwanzoni umejitahidi. Elfu 40 kwa siku 12 ni kama KSh 3,330 kwa siku. Nembo inayokuchukua siku tatu, ukiitoza 1,500 umemlipa mteja ili akufanyishe kazi.

Hiyo haimaanishi usiwahi kushusha. Kanisa lenu, dada yako anayeanza biashara ya keki, kikundi cha vijana mtaani, wasaidie ukitaka. Ila waandikie ankara yenye bei kamili, kisha uonyeshe punguzo chini yake. Mtu aliyeona kwamba kazi ya 10,000 amefanyiwa kwa 3,000 atakutangaza tofauti na yule anayedhani bei yako ni 3,000.

Pesa imeingia, au ni ujumbe tu?

Hapa ni mambo machache, lakini yashike. Usitume faili kwa sababu mteja amekuonyesha picha ya skrini ya malipo. Picha kama hizo hutengenezwa, na wewe dizaina ndiye mtu wa kwanza wa kujua ni rahisi kiasi gani. Ujumbe wa malipo unaotoka kwenye nambari ya kawaida ya simu ni wa uongo hata kama maneno yake yamepangwa vizuri. Fungua menyu uangalie salio.

Pia tenganisha pesa ya kazi na ya matumizi. Ukiwa na nambari ya Till au pochi ya biashara, mwisho wa mwezi utajua umeingiza ngapi bila kuchambua pesa ya unga na ya rafiki aliyekurudishia deni. Rekodi hiyo itakufaa ukienda kuomba mkopo wa kompyuta, na hata mteja akikana kwamba mliwahi kufanya biashara.

Kazi ni ya nani?

Dizaina wengi wanaamini kwamba aliyechora ndiye mwenye haki ya kazi siku zote. Kenya si hivyo. Chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ukiwa umeajiriwa, kazi ya ofisi ni ya mwajiri kwa msingi huohuo.

Soma tena yale maneno: isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ndiyo sababu ujumbe ule wa makubaliano unastahili sentensi mbili zaidi kazi inapokuwa kubwa. Moja iseme kwamba haki ya nembo inahamia kwa mteja baada ya malipo yote kukamilika. Nyingine iseme kwamba michoro ambayo hakuichagua inabaki yako, na kwamba unaruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kwenye potifolio yako. Bila sentensi hizo, mteja aliyelipa nusu anaweza kudai kazi nzima ni yake, na ule mchoro mzuri aliokataa huna uhakika nao. Kwa kazi zako binafsi, zile ulizochora bila kuagizwa na mtu, unaweza kuzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Jambo hili lina upande wa pili. Fonti, picha na vielelezo unavyotumia navyo vina wenyewe. Fonti ya kupakua bure mara nyingi ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu, na mteja akichapisha mifuko elfu tano nayo, lawama itakurudia. Google Fonts ina nyingi zinazoruhusu biashara. Na kama huwezi kulipia Adobe kwa sasa, Inkscape, GIMP na Scribus ni za bure kihalali na zinafanya kazi ya pesa. Hakuna mteja anayeuliza nembo ilichorwa na programu gani.

Kazi za kwanza zinatoka wapi

Si kwa kampuni kubwa za matangazo. Zinatoka kwa shule, chama, SACCO, harusi, duka la jirani, na matanga. Ndiyo, matanga. Kijitabu cha mazishi ni kazi ya kila wiki Kenya, na ni shule kali. Familia inaleta picha za zamani zilizofifia, majina ya wajukuu ishirini na wawili, na inataka kitabu kesho asubuhi. Ukikosea jina la mjane, hakuna marekebisho ya pili. Wasome majina kwa sauti mkiwa na mmoja wa familia, moja baada ya jingine, kabla ya kuchapisha. Anayeweza kufanya kazi hiyo kwa utulivu anaweza kufanya ripoti ya benki.

Mabango ya siasa nayo yanakuja, uchaguzi mkuu ukiwa ni Agosti 2027. Ushauri wetu ni mfupi: huko usiende na nusu, chukua malipo yote mbele. Mgombea aliyeshindwa huwa hapatikani kwa simu.

Kisha tenga siku moja ukae kwa mchapishaji, River Road au mitaa ya karibu, uangalie tu. Utaona kwa nini ile bluu inayong'aa kwenye skrini hutoka imefifia kwenye karatasi: skrini huchanganya mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, lakini mashine hutumia wino wa samawati, waridi, manjano na mweusi. Utaona pia mashine ya kukata ikikwepa kidogo, na utaelewa sababu ya kuongeza milimita 3 za rangi kila upande wa karatasi. Na ukijuana na wachapishaji wawili watatu, wateja wanaofika kwao bila mchoro wataelekezwa kwako.

KRA na mteja asiyelipa

Ukianza kufanya kazi na kampuni, wataomba PIN na ankara ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo gharama yao haitambuliwi kwa kodi. Usishangae pia ukitoza KSh 60,000 na kupokea 57,000. Wamekata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA kwa jina lako. Dai cheti chake, kwani kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yako unapowasilisha ritani, ambayo mwisho wake ni Juni 30.

Na yule aliyechukua kazi akanyamaza? Mwandikie kwa adabu, taja kiasi, tarehe na siku ya mwisho ya kulipa. Akizidi kunyamaza, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo husikiza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Utahitaji ule ujumbe wa makubaliano aliojibu "sawa", taarifa ya malipo ya awali kutoka kwenye simu yako, na ushahidi kwamba kazi ilimfikia.

Kama bango lake liko barabarani, lipige picha leo, kabla hajalishusha.