Prednisoloni: Dawa inayozima uvimbe kwenye chanzo, lakini si ya kujinunulia

MGONJWA wa pumu au wa baridi yabisi anayeishi Bweri, katika Manispaa ya Musoma, akiandikiwa vidonge vya prednisoloni na kupata nafuu kwa siku chache, huenda akadhani amepata tiba ya kila maumivu. Ni vema kwanza afahamu dawa hiyo inafanya nini mwilini.

Prednisoloni na deksamethasoni ni steroidi, dawa zinazofanana na kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo.

Seli inapodhurika, kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi huchukua mafuta ya utando wake na kutoa asidi ya arakidoni. Kimeng'enya cha pili, saiklooksijenasi, huigeuza asidi hiyo kuwa prostaglandini, kemikali zinazochangia uvimbe, homa na maumivu.

Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alionyesha kuwa aspirini huzuia hatua hiyo ya pili. Diklofenaki nayo hufanya hivyo. Steroidi huanzia mbali zaidi: huingia ndani ya seli na kuifanya itengeneze protini inayozuia fosfolipasi, huku zikipunguza utengenezaji wa saiklooksijenasi. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, ndiyo maana nafuu yake haiji mara moja. Aidha, asidi ya arakidoni ikipungua, hupungua pia kemikali nyingine zinazobana njia ya hewa. Hiyo ni sababu mojawapo ya steroidi kumfaa mwenye pumu.

Hata hivyo, prostaglandini zina faida. Hulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi. Kwa hiyo, anayemeza steroidi pamoja na diklofenaki hujiweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata vidonda vya tumbo na kuvuja damu. Steroidi pia hupunguza kinga, hupandisha sukari na huweza kuficha dalili za maambukizi.

Hatari nyingine ni kuacha ghafla. Mwili uliozoea vidonge hivyo kwa wiki kadhaa hupunguza kutengeneza kotisoli yake. Vikikatizwa, mgonjwa huweza kuishiwa nguvu, kushuka shinikizo la damu, hata kupoteza maisha.

Hivyo basi, asiyeandikiwa na daktari asivinunue, na anayevitumia kwa muda mrefu apunguziwe dozi kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.