Simu haioni, anayeona ni mwalimu

Ndugu msikilizaji, mtu akikuambia kwamba amepata 100 kwa 100 katika mtihani wa alama za barabarani, je, utampa usukani wa basi lililojaa abiria? La hasha. Utataka kwanza kumwona akiendesha.

Ndivyo ilivyo kwa wanaosomea udaktari, uuguzi na ukunga. Mwaka 1990 profesa mmoja wa Marekani, George Miller, alieleza kuwa ujuzi wa tabibu una ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha kwamba unaweza, na mwisho kutenda kazini. Mitihani ya darasani hupima zaidi ngazi za chini. Ngazi ya nne hupimwa wodini, mbele ya mgonjwa wa kweli.

Kwa sababu hiyo, miaka hiyo hiyo ya 1990, madaktari wa Marekani walianza utaratibu mfupi: mkufunzi humtazama mwanafunzi akimhudumia mgonjwa kwa dakika 15 hadi 20 hivi, kisha humwambia papo hapo alichofanya vizuri na alichokosea. Utaratibu huo ulienea hadi Uingereza na kwingineko.

Tatizo likawa karatasi. Mwanafunzi alitembea na kitabu cha kutiwa sahihi. Wodi ikiwa na wagonjwa wengi, msimamizi alimwambia, “Njoo baadaye.” Baadaye ikawa Ijumaa jioni, na kurasa 10 zikatiwa sahihi kwa pamoja. Aliyetia sahihi hakukumbuka tena alichokiona Jumatatu, na mwanafunzi hakujifunza lolote.

Hapo ndipo simu ya mkononi ilipoingia. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, vyuo vikuu vitano vya kaskazini mwa Uingereza, vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds, vilishirikiana katika mpango wa kuwapima wanafunzi wa fani 16 za afya na ustawi wa jamii wakiwa kazini. Simu takriban 900 ziligawiwa. Wote, awe mkunga au daktari, walipimwa kwa mambo yale yale matatu: kuzungumza na wagonjwa, kufanya kazi pamoja na wenzao, na kufuata maadili. Mwaka 2010 chuo hicho cha Leeds kikawapa simu za kisasa wanafunzi wake 520 wa udaktari wa mwaka wa nne na wa tano.

Kitu chenyewe si cha ajabu. Ni jalada la mwanafunzi lililohamia ndani ya simu. Tuseme mwanafunzi wa uuguzi amemaliza kumfunga mzee kidonda. Hapo hapo anafungua fomu, na muuguzi aliyemtazama anaandika maneno machache: mikono ilioshwa, lakini mzee hakuulizwa kama anaumia. Hata mgonjwa anaweza kuombwa maoni yake. Jina la mgonjwa haliandikwi. Mwanafunzi naye anaandika atakachobadilisha kesho. Mwalimu aliye chuoni anayasoma siku hiyo hiyo, wala hangoji muhula uishe ndipo agundue kwamba kijana wake amekwama.

Faida hiyo ni kubwa, lakini tusidanganyike. Simu haioni. Msimamizi aliyekuwa akitia sahihi bila kutazama anaweza pia kubonyeza alama ya “amefaulu” bila kutazama, tena kwa haraka zaidi. Fomu zikiwa nyingi mno, huwa kazi ya kujaza visanduku tu.

Kuna na jambo zito zaidi, nalo ni hofu. Mwaka 2011 mtoto wa miaka 6 alifariki katika hospitali moja mjini Leicester, na mwaka 2015 daktari aliyekuwa bado mafunzoni alitiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe mkubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa afutwe katika orodha ya madaktari. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikamrudisha. Madaktari vijana wakaambiana kwamba aliyoyaandika mwenyewe katika jalada lake ndiyo yaliyomponza. Haikuwa hivyo, kwani jalada halikuwa sehemu ya ushahidi uliowekwa mbele ya mahakama. Hata hivyo hofu ilikwisha kuenea, na wengine wakaanza kuandika mambo matamu tu. Mwaka huo huo baraza linalosimamia madaktari wa Uingereza lilieleza kuwa haliwadai madaktari maandishi hayo ili kuwachunguza, ingawa mahakama bado inaweza kuyaagiza.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanafunzi akificha kosa lake leo, atakayelilipia kesho ni mgonjwa. Kwa hiyo chuo kinachotaka kununua simu na programu kwanza kijiulize: je, wasimamizi wetu wamepewa nafasi ya kusimama dakika 15 kando ya kitanda na kutazama? Na je, mwanafunzi anayeandika “leo nilikosea” atafundishwa, au ataadhibiwa? Maswali hayo yasipopata jibu, tutakuwa tumebadilisha daftari tu.

Siku utakayolazwa wewe au mama yako, hutauliza jalada lilikuwa la karatasi au la simu. Utataka kujua kama anayeshika sindano alipata kutazamwa na mtu aliyemwambia ukweli.