Tarishi wa Kongosho: Amri Zipitazo Katika Mishipa ya Fahamu

Katika kila kambi ya askari amri hufika kwa njia mbili. Ipo amri itangazwayo kwa kipaza sauti, ikasikiwa na wote walio kambini, na kila mmoja akajua kama inamhusu au haimhusu. Na ipo amri ichukuliwayo na tarishi, ikapelekwa moja kwa moja mpaka mkononi mwa yule aliyeandikiwa. Mwili wa binadamu nao una njia hizo mbili. Homoni hutiwa katika damu zikaenea mwili mzima; mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe wake mahali maalum. Kongosho ni kiungo kinachoonyesha vizuri jinsi njia hizo zinavyosaidiana. Mwenye ugonjwa wa sukari, pamoja na wale wanaoishi naye nyumba moja, ana haja ya kulifahamu jambo hilo.

KIUNGO CHENYE KAZI MBILI

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa tumbo, na urefu wake ni kiasi cha sentimita 15. Kazi yake ya kwanza ni kutoa maji ya kuyeyushia chakula. Kila siku lita moja na zaidi ya maji hayo humiminika katika utumbo mwembamba, yakiwa na vimeng'enya vya kuvunja nyama, mafuta na wanga, pamoja na magadi ya kuzima ukali wa asidi itokayo tumboni. Kazi ya pili hufanywa na mafungu madogo madogo ya chembe hai, yapatayo milioni moja hivi, ambayo Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869 alipokuwa angali mwanafunzi wa udaktari. Mafungu hayo hutia insulini katika damu ili kuishusha sukari, na hutia glukagoni ili kuipandisha inapopungua mno.

Swali lililowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi ni hili: nani huliamrisha kongosho lianze kazi?

UBISHI ULIODUMU MIAKA MINGI

Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwa mbwa kwamba ukiusisimua mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ule utokao kichwani na kushuka mpaka tumboni, kongosho hutoa maji yake. Akaamini kwamba mishipa ya fahamu ndiyo yenye amri yote. Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya uyeyushaji wa chakula.

Lakini miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1902, William Bayliss na Ernest Starling wa London walikuwa wamekwisha kuitikisa imani hiyo. Walikata mishipa ya fahamu iliyofika katika kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likatoa maji kama kawaida, ingawa hapakuwa na mshipa wa kupeleka habari. Wakakwangua utando wa utumbo, wakauchanganya na asidi, wakaidunga dawa hiyo katika damu. Kongosho likafanya kazi tena. Kitu hicho wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling akatoa jina la homoni kwa vitu vyote vya namna hiyo.

Basi wengi wakaona kwamba kipaza sauti kimemshinda tarishi. Hata hivyo, Pavlov hakuwa amekosea katika yale aliyoyaona kwa macho yake. Lililokuwa halijajulikana ni ujumbe gani hasa tarishi wake walikuwa wameuchukua.

SHANGA FUPI ZENYE NGUVU

Wataalamu walifahamu mapema kwamba ncha za mshipa wa vagasi hutoa kitu kiitwacho asetilikolini. Dawa ya atropini huuzuia ujumbe huo usipokewe. Lakini katika nguruwe, hata baada ya kupewa atropini, kongosho liliendelea kutoa maji ya magadi mshipa ule uliposisimuliwa. Ilikuwa dhahiri kwamba tarishi alikuwa na barua ya pili mfukoni.

Barua hiyo ni peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi za amino, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Mnyororo ukiwa mrefu sana huitwa protini. Mwaka 1970 Sami Said, aliyezaliwa Misri, na Viktor Mutt, aliyezaliwa Estonia, wakifanya kazi mjini Stockholm, Sweden, walitenga kutoka katika utumbo wa nguruwe peptidi yenye shanga 28. Wakaiita VIP, kwa sababu ilipanua mishipa ya damu. Hapo kwanza ilidhaniwa kuwa homoni nyingine ya utumbo. Baada ya miaka michache ikagunduliwa kwamba makao yake ni katika mishipa ya fahamu, ya ubongo na ya tumbo pia. Mwaka 1979 wachunguzi wa Denmark walionyesha kwamba mshipa wa vagasi ukisisimuliwa, kongosho la nguruwe humwaga VIP, na kwamba peptidi hiyo ndiyo iletayo maji ya magadi ambayo atropini haikuweza kuyazuia.

Nyingine zikafuata. GRP, yenye shanga 27, huhimiza utoaji wa vimeng'enya. Mwaka 1982 Kazuhiko Tatemoto na Mutt walitangaza peptidi iitwayo NPY, yenye shanga 36, ambayo hubana mishipa ya damu na kupunguza utoaji wa insulini. Mwaka 1983 wao na wenzao wakaitangaza galanini, ambayo katika mbwa huzuia insulini. Kwa binadamu kazi ya galanini haikuonekana wazi kama hivyo, nalo ni funzo kwamba yaliyothibitishwa kwa mnyama sharti yapimwe tena kwa mtu.

Wala isidhaniwe kwamba kongosho haliwezi kuishi bila tarishi. Tangu mwaka 1966, ulipofanywa upandikizaji wa kwanza wa kongosho huko Minnesota, Marekani, imeonekana kwamba kongosho lililokatwa mishipa yake ya fahamu na kuwekwa katika mwili wa mtu mwingine huendelea kutoa insulini. Sukari yenyewe katika damu ni amri ya kutosha. Mishipa ya fahamu huongeza wepesi na utayari: mtu akinusa chakula na kuanza kutafuna, insulini ya kwanza hutoka kabla sukari ya chakula haijaingia katika damu.

WAKATI WA AMANI NA WAKATI WA HATARI

Mishipa hiyo imegawanyika makundi mawili. Kundi la vagasi ni la wakati wa utulivu: huleta maji ya kuyeyushia chakula na huhimiza insulini, ili chakula kiwekwe akiba. Kundi la pili ni la wakati wa hatari. Mtu akiogopa, akijeruhiwa au akishikwa na homa kali, mishipa hii hutoa noradrenalini pamoja na peptidi kama NPY. Insulini hupunguzwa, glukagoni huongezwa, na ini hufungua ghala lake la sukari ili misuli na ubongo visikose nguvu. Homoni nyingine, kama adrenalini, husaidia kazi hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima wa afya, mambo hayo hupita na sukari hurudi mahali pake. Kwa mgonjwa wa kisukari ni habari nyingine. Mtu huyo akipata malaria, jeraha au msiba mkubwa, sukari yake yaweza kupanda hata kama hakula kitu. Wapo waachao sindano ya insulini siku wasipoweza kula, wakidhani kwamba hakuna chakula cha kushughulikiwa. Hilo ni kosa liwezalo kuua. Siku ya homa mgonjwa apime sukari mara nyingi zaidi, anywe maji kwa wingi, asiiache insulini yake kwa shauri lake mwenyewe, na afike kwa mganga mapema, hasa akianza kutapika.

Hatari ya upande wa pili ni sukari kushuka. Inaposhuka, mishipa ya fahamu hupiga mbiu: jasho hutoka, mikono hutetemeka, moyo hudunda. Lakini kwa waliougua miaka mingi mbiu hiyo hudhoofika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, wa makongosho ya watu waliokufa wakiwa na kisukari cha aina ya kwanza, ulikuta kwamba mishipa ya fahamu ndani ya mafungu ya Langerhans ilikuwa imepungua sana. Mtu wa namna hiyo aweza kuchanganyikiwa bila ya kupata onyo lolote.

Askari wa doria amkutaye mtu anayepepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka, asifanye haraka kumhesabu kuwa mlevi. Amwulize kama ana ugonjwa wa sukari, na atazame kama amebeba kadi au dawa. Akiwa na fahamu na aweza kumeza, apewe vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji au soda ya sukari; asipopata nafuu baada ya dakika 15, apewe tena. Akiwa amezirai, asimiminiwe kitu chochote kinywani, maana kitampalia. Alazwe ubavu na kufikishwa hospitali upesi.

TARISHI AKIZIDISHA

Peptidi hizi zikizidi nazo ni maafa. Mwaka 1958 John Verner na Ashton Morrison wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wawili waliokufa kwa kuhara maji mengi, nao walikuwa na uvimbe katika kongosho. Mwaka 1973 ilionyeshwa kwamba uvimbe wa namna hiyo hutoa VIP kwa wingi. Ugonjwa huo ukapewa jina la kipindupindu cha kongosho, ingawa hauambukizi na ni nadra sana. Kipindupindu chenyewe huja ghafula na kupita. Huu huendelea kwa wiki na miezi, hata mgonjwa akifunga kula, na madini ya potasiamu hupungua mwilini hata misuli ikalegea. Hutibiwa kwa kurudisha maji na madini, kwa dawa ya oktreotidi, na kwa upasuaji ikiwezekana.

Kwa hiyo katika nyumba yenye mgonjwa wa sukari, mke, mume na watoto wakubwa wajue mambo matatu: mahali dawa zinapowekwa, mahali sukari ya dharura ilipo, na dalili za mgonjwa wao zinapoanza. Na mwenye ugonjwa huo, kabla ya kwenda zamu ya lindo la usiku, amjulishe mwenzake wa zamu.