Masomo ya Redio kwa Watu Wazima: Jinsi Mafigo Yanavyopata Hewa

Leo tutajifunza jinsi damu inavyoyapelekea mafigo oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo.

Kila mtu ana mafigo mawili, moja kila upande wa uti wa mgongo, karibu na mbavu za chini. Figo moja ni kubwa kiasi cha ngumi, nalo lina umbo la haragwe. Kazi yake ni kuchuja damu.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma damu kiasi cha lita 5 kila dakika. Katika hizo, lita 1 hivi huenda kwenye mafigo. Basi mtu angedhani kwamba mafigo hayapungukiwi hewa kamwe. Lakini sivyo.

Siku mtakapochinja mbuzi, pasueni figo lake kwa urefu. Mtaona sehemu mbili, ya nje na ya ndani. Damu iliyo nyingi hupita katika sehemu ya nje. Katika kila mafungu kumi ya damu iingiayo, fungu moja tu hivi hufika ndani.

Tena, njiani oksijeni hupotea. Fikirini mifereji miwili ya shamba inayokwenda sambamba. Mmoja unateremka umejaa maji, wa pili unarudi karibu mtupu, na katikati pana ukingo mwembamba wa udongo. Maji yatapenya ukingo na kurudi yalikotoka kabla ya kufika mwisho wa shamba. Ndivyo ilivyo ndani ya figo. Mishipa iletayo damu na mishipa irudishayo damu hukaribiana sana, na oksijeni hupenya toka hii hata ile, ikaondoka bila kutumika.

Je, kwa nini iwe hivyo? Sababu ni chumvi. Sehemu ya ndani ina chumvi nyingi, nayo huvuta maji kutoka katika mkojo ili yarudi mwilini. Kama damu ingepita hapo kwa wingi na kwa kasi, ingeizoa chumvi hiyo, nasi tungepoteza maji mengi.

Lakini hapo ndipo ilipo hatari. Mtu akiharisha sana, akitapika, au akifanya kazi juani bila kunywa maji, damu hupungua na mishipa ya mafigo hujibana. Sehemu ya ndani, ambayo tangu hapo ina hewa kidogo, huumia upesi. Mkojo huwa haba, tena wa rangi iliyokolea. Pengine mafigo huacha kazi kabisa.

Kwa hiyo, mgonjwa wa kuharisha apewe mapema maji ya chumvi na sukari. Katika lita 1 ya maji safi tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visifurike. Msimpe dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki bila kumwuliza daktari, kwa kuwa nazo huibana mishipa hiyo. Akikosa mkojo, mpelekeni hospitali bila kukawia.

Maswali ya darasani:
1. Ni sehemu gani ya figo yenye hewa kidogo?
2. Kwa nini oksijeni hupotea njiani?
3. Mtamsaidiaje mgonjwa wa kuharisha?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.