Faili ya Kesi ya Karama

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kupata alama nzuri katika karatasi ya fasihi bila kuisoma riwaya yenyewe. Mwongozo uko madukani, muhtasari wa kila sura umo ndani, na maswali ya kueleza muktadha wa dondoo yanajirudia mwaka hadi mwaka. Kwa riwaya zinazochora nchi iliyooza kwa dhuluma hasara ya usomaji huo ni kubwa kupita kiasi, kwa sababu vitabu hivyo viliandikwa ili msomaji ajiulize yeye mwenyewe angefanya nini, na swali hilo halina jibu la kukariri. Ndiyo maana naona shule za Busia na Tororo, huku na huko mpakani mwa Kenya na Uganda, ziwape wanafunzi kazi za ubunifu juu ya riwaya hizi: igizo, ramani, gazeti la nchi isiyokuwapo, faili ya kesi. Na kazi hizo zisahihishwe kwa ukali uleule wa insha.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, miaka miwili baada ya George Orwell kuchapisha Nineteen Eighty-Four. Ni kitabu chembamba. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nje ya nchi, akarudi na maarifa, akaambulia kifungo. Sasa mwanafunzi aambiwe atengeneze faili ya kesi hiyo. Ataanza na hati ya mashtaka, na hapohapo atakwama: Karama amevunja kifungu gani? Atarudi kitabuni, atafunua kurasa mbele na nyuma, na ataona kwamba hofu ya wakubwa ndiyo iliyosimama mahali pa sheria. Akifika kwenye mwenendo wa kila siku, atagundua kwamba mshtakiwa hahangaiki sana kujisafisha. Anawafungulia mashtaka walewale waliomshtaki, kisa baada ya kisa, kwa adabu ya barazani. Mwongozo ungemwambia kwa mstari mmoja kwamba maudhui ni uonevu. Faili inamlazimisha kuona jinsi uonevu unavyofanyiwa kazi: nani analeta shauri, nani ananyamaza, na mfungwa wa kwanza alisahaulika vipi.

Mpaka huu nao una lake la kuongeza. Wateso na Wasamia wana jamaa Kenya na Uganda, na mtoto wa Busia hukua akiona malori yakipanga foleni, boda boda zikivusha abiria, na maofisa wa nchi mbili wakifanya kazi chini ya paa moja tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018. Mtoto huyo anajua mtu anayerudi kutoka ng'ambo huulizwa amebeba nini. Mwambie achore malango ya Kusadikika na ajaze fomu ya forodha ya mjumbe aliyerudi na maarifa tu mkononi, uone atakayoyaandika. Utawala wa hofu pia si jambo la kubuni huku. Idi Amin alitawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, na mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyeongoza jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala, alikamatwa na kuuawa. Mabibi na mababu walioiona miaka hiyo bado wako majumbani. Mwanafunzi akimhoji bibi yake kisha akarudi kwa Karama, kitabu kinambadilikia mikononi.

Wapo watakaosema kazi za namna hii zitaingiza siasa shuleni, na historia inawapa cha kushika. Mwaka 1991 Kenya ilipiga marufuku igizo lililotokana na Animal Farm ya Orwell. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere, kaunti jirani ya Kakamega, walizuiwa kuigiza Shackles of Doom katika tamasha la kitaifa la maigizo, hadi Okiya Omtatah, mwandishi wa tamthilia ambaye leo ni seneta wa Busia, alipokwenda Mahakama Kuu na kushinda. Mwezi Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika kwenye tamasha hilo mjini Nakuru na Echoes of War, igizo la ufalme wa kubuni unaowabana vijana wake. Mahakama ilikuwa imeruhusu, lakini polisi walifyatua gesi ya machozi nje, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Ninawaheshimu sana kwa siku ile. Hata hivyo maigizo yote mawili yaliandikwa na Cleophas Malala, aliyepata kuwa seneta wa Kakamega, na anayeuliza kama sauti ile ilikuwa ya wanafunzi au ya mwanasiasa ana haki ya kuuliza. Kazi inayotoka kwenye riwaya, ikaandikwa na mwanafunzi mwenyewe, inalijibu swali hilo vizuri kuliko marufuku yoyote. Kila neno analoliweka kinywani mwa Majivuno lazima aonyeshe limetoka ukurasa gani.

Sharti hilo la ukurasa linajibu pia malalamiko ya walimu kwamba ubunifu hausahihishiki na kwamba wazazi, au sasa programu za akili unde, ndio watakaofanya kazi. Mwalimu amkalishe mwanafunzi dakika tano na faili yake: kwa nini umemweka shahidi huyu siku ya tatu? Aliyenakili hatafika mbali. Muda nao umeshapatikana kwa kiasi. Mtaala mpya wa Uganda, ulioanza 2020, umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari na kuipa tathmini ya shuleni asilimia 20 ya alama za mwisho. Kenya nayo inafuata mtaala wa umilisi tangu 2017. Kilichobaki ni nakala za vitabu, na shule zilizo mwendo mfupi wa matatu kutoka moja hadi nyingine zinaweza kuazimana: darasa la Tororo liandike mashtaka, la Busia liandike utetezi, kisha wasomeane.