Funza weupe: Mwizi wa mizizi katika bustani za Dzaleka

Mahindi yamesimama vizuri, mvua ipo, mbolea imewekwa. Ghafla majani yanageuka njano, mche unanyauka mchana wakati udongo una unyevu. Mkulima anauvuta kidogo tu na unatoka wote mkononi, mizizi hakuna.

Mwizi wa mizizi hiyo ni funza mweupe, mnene, mwenye kichwa cha kahawia na miguu sita, aliyejikunja kama herufi C. Huyu ni mtoto wa mbawakawa, yule dundu wa kahawia anayejigonga kwenye taa jioni mvua za kwanza zinaponyesha.

Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, hasara hiyo si ya kubeza. Kambi hiyo, ambayo zamani ilikuwa gereza, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, na mkimbizi anatakiwa kuishi kambini. Mei 2023 serikali ilianza kuwarudisha huko waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe na miji mingine. Msaada wa chakula nao umepunguzwa mara kadhaa. Kwa hiyo tuta la matembele nyuma ya nyumba ni sehemu ya mlo, wala si pambo.

Mvua huanza kwa kawaida Novemba. Mbawakawa hutoka ardhini, hula majani ya miti usiku, kisha majike hurudi kutaga mayai udongoni. Funza wachanga hula mabaki yaliyooza. Wakikomaa huhamia kwenye mizizi, na hapo ndipo mahindi, maharage, karanga na viazi vitamu hupata taabu. Viazi hutobolewa mashimo mapana ambayo mnunuzi hayapendi.

Si tatizo la Malawi peke yake. Kule Arusha Chini, karibu na Moshi, wakulima wa miwa wamepambana na funza wa jamii hiyo kwa miongo mingi. Zamani jibu lilikuwa sumu kali kama aldrini na dieldrini, ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga marufuku. Anayeuziwa dawa ya unga isiyo na lebo sokoni aiache hapo hapo, hasa kama bustani iko hatua chache kutoka jikoni.

Je, mwenye jembe tu afanye nini? Alime mapema, kabla ya kupanda, na kufungulia kuku. Funza akifunuliwa juani hana ujanja: kuku na ndege humaliza kazi bila kulipwa. Samadi iachwe ioze kabisa kabla ya kuingizwa shambani, kwani samadi mbichi huwaita majike kutaga. Jioni za mvua za kwanza, watoto wanaweza kuokota mbawakawa chini ya taa na kuwatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kila jike anayekamatwa kabla ya kutaga ni kundi zima lililopungua.

Lakini asiue kila funza anayemwona. Wapo wanaoishi kwenye rundo la mboji na kula uozo tu, bila kugusa mzizi hai. Na mche uliokatwa juu ya ardhi usiku huenda ni kazi ya sota, si huyu.

Njia ya kuhakikisha ni kuchimba kando ya mche unaonyauka, kina cha jembe moja, na kupekua udongo kwa vidole. Kama yupo, mara nyingi hayuko peke yake: wenzake wako chini ya miche ya jirani ambayo bado inaonekana mizima.