Bakteria wa Utumbo, Ubongo na Afya Yako

Umewahi kuvurugwa na tumbo asubuhi ya mtihani, ingawa hukula kitu kibaya? Hapo ubongo umeusumbua utumbo. Utumbo nao hupeleka taarifa kwenye ubongo, na bakteria wanahusika.

1. Kazi ya bakteria
Bakteria wengi wa mwilini huishi kwenye utumbo mpana. Vimeng'enya vyetu haviwezi kuvunja nyuzinyuzi nyingi za chakula. Bakteria huzichachusha na kutoa asidi, mfano asidi ya butiriki, inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Pia hutengeneza vitamini K.

2. Njia za kuufikia ubongo
(a) Neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo.
(b) Damu, inayobeba kemikali zinazotolewa na bakteria.
(c) Mfumo wa kinga.

Zingatia: Takribani asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, lakini haipenyi kuingia kwenye ubongo. Wanafunzi wengi hukosea hapa.

3. Mifano ya Tanzania
Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi hula mizizi, ubuyu, asali na nyama pori. Utafiti wa mwaka 2017 ulionesha kuwa baadhi ya bakteria wao hupungua masika na kurudi kiangazi, kadiri chakula kinavyobadilika. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025 ulionesha kuwa wiki mbili tu za kuacha vyakula vya asili na kula vya kizungu zilitosha kuvuruga kinga ya mwili.

4. Wewe unayesoma Shishiyu
Mtama, michembe, choroko, kunde na mlenda vina nyuzinyuzi. Usiviite chakula cha kimaskini ukakimbilia chipsi na soda kila siku. Pia, antibiotiki huua hata bakteria wenye faida. Usimeze vidonge alivyobakiza mwenzako bwenini; nenda zahanati upimwe kwanza.

Jipime
Juma ana mafua yanayosababishwa na virusi, naye amemeza antibiotiki. Toa hoja mbili kuonesha kosa lake.

Mwongozo wa jibu: (i) Antibiotiki haziui virusi. (ii) Zinaua bakteria wenye faida kwenye utumbo, hivyo uchachushaji wa nyuzinyuzi hupungua na anaweza kuharisha.